Anayeshinda Hukaa

Msiniambie nimeota. Ilikuwa mchana kweupe, na kikapu cha uyoga nilirudi nacho nyumbani. Aliyeota haamki na uyoga, au siyo?

Mimi na mume wangu Mathiasi tulikwenda msituni nyuma ya kijiji cha Ntalikwa, inakopita njia ya zamani ya misafara. Kuna jiwe bapa lenye mashimo ya bao, walilichonga wapagazi waliokuwa wakipumzika hapo. Tunalijua tangu utotoni. Siku hiyo mtu alikuwa ameketi kando yake, kete zimepangwa tayari. Mzee mwembamba, bega moja lina sugu nene kama kisigino.

"Shikamoo, mzee," Mathiasi akasema.

"Marahaba. Msafara wa Ujiji umeshapita?"

Tukadhani utani, maana wazee wa kwetu kwa utani hawajambo. Akamwonyesha Mathiasi mahali pa kukaa. Na mume wangu kwa bao ndiye yule nzi wa kufia kidondani. Akakaa.

Wakacheza. Niaminini, nilisikia baridi juani. Bao nalijua, alinifundisha baba, na sijaona mchezo mkali kama ule. Mwisho Mathiasi akamfunga.

Mzee akatokwa na machozi, ya furaha. Kanuni ya baraza zote mnaijua: aliyefungwa hunyanyuka, mshindi hukaa amngoje mwingine. Mzee akanyanyuka, magoti yanamlia.

"Asante, mwanangu. Tangu wenzangu waondoke sijapata wa kunifunga," akasema, akashika njia ya Ujiji.

Mathiasi hakunyanyuka. Mpaka leo hajanyanyuka. Tulimpakia kwenye bodaboda hadi kwetu Chemchem. Hospitali hawakuona ugonjwa, padri kamwombea mpaka kachoka. Anashinda barazani mbele ya bao, na kila anayekaa naye anafungwa. Amejaribu kujifungisha makusudi, vidole havimtii. Akilala vinaendelea kugawa kete juu ya mkeka. Atakayemfunga ndiye atakayekaa pale, na yeye analijua hilo kama ninavyolijua mimi.

Mwanangu alinisomea kitabuni kwamba Waviking, mabaharia wa zamani wa huko kaskazini, baadhi yao walizikwa na mbao zao za mchezo na kete zao. Yeye alicheka. Mimi nilijiuliza, nani aliketi upande wa pili?

Nawaasa: mkikuta bao limepangwa porini, piteni. Na kama hamna budi kukaa, ombeni mfungwe.

Jana nilicheza naye. Katikati ya mchezo nikaliona shimo la kumfunga, wazi kabisa. Naye aliliona. Akanitazama, machozi yanamtiririka. Nampenda Mathiasi, Mungu ndiye shahidi yangu. Lakini watoto bado wadogo, nani atawapikia?

Nikachukua kete za shimo lingine.