Wimbo Waliouita Jokofu

Fundi wa spika ni jirani yangu wa ukutani. Nasema wa ukutani kwa sababu chumba chake cha kazi na chumba ninacholala mimi na mwanangu vinagawana ukuta mmoja wa matofali, na kitanda changu kimeegemea hapohapo. Akikohoa, nampa pole kimoyomoyo. Mwanangu alizaliwa akazikuta spika zikinguruma, kwa hiyo kelele hazimwamshi. Anaamka zikizimwa.

Ni mtu mzima. Mvi zilimwanzia kwenye nyusi, kichwani bado, na kucha zake zina gundi iliyokauka ambayo haitoki hata kwa sabuni ya unga. Kazi yake ni kufufua spika zilizokufa. Mtu anamletea spika iliyopasuka karatasi yake ya ndani, naye anakata karatasi nyingine, anaibandika, kisha anaikandamiza pande zote kwa kidole gumba, taratibu, kama mama anayembandika mtoto plasta. Halafu anasogeza mdomo anaipulizia. Ukimuuliza anapuliza nini, anacheka tu.

Mkewe alikwenda kwa binti yao kusaidia kulea mjukuu. Kulea kukageuka kukaa. Hawakugombana, hapana. Jioni wanapigiana simu na mimi nasikia upande mmoja: "Mmekula? Na mimi nimekula. Haya, mama." Kisha kiti kinavutwa, kisha basi.

Kwa hiyo mtu huyu alikuwa na Jumamosi. Siku nyingine zilikuwa za watu wenye spika mbovu, lakini Jumamosi mchana ilikuwa ya wapenzi wa Nyundo. Nyundo ni bendi ya roki, na kwa sikio langu muziki wao ulikuwa sufuria zinazoporomoka ngazini, ila zinaporomoka kwa mpangilio. Wapenzi wake walikuwa wanakuja wengi na kupungua, lakini nguzo zilikuwa tatu. Kinyozi wa pale kona, mwanamume mwenye mwili mkubwa, ambaye mwenyewe hana unywele hata mmoja. Mpaka rangi, mwembamba, mwenye madoa ya rangi mpaka ndani ya masikio. Na dada wa famasi, anayekuja na koti lake jeupe moja kwa moja kutoka kazini, na ndiye pekee aliyejua maneno yote ya nyimbo zote.

Walikuja kwa sababu ya zile spika mbili. Fundi alizitengeneza mwenyewe, ndefu kama kabati la nguo, na alizitengeneza kwa ajili ya bendi ile moja tu. Gita likipigwa, vikombe vyangu vilikuwa vinatembea mezani.

Ndipo Nyundo wakabadilika. Walitoa albamu mpya ambayo magita yake unayatafuta kwa tochi. Fidla ndizo nyingi, na kinanda, na kwaya. Siku walipoisikiliza mara ya kwanza mimi nilikuwa naanika nepi mbele ya mlango wa fundi, na mlango ulikuwa wazi.

Walisikiliza wimbo baada ya wimbo bila kusema. Wakafika kwenye wimbo mmoja mrefu ambao katikati unanyamaza. Ukabaki mngurumo mdogo wa chini, mmmm, mmmm, muda mrefu kiasi kwamba nilimaliza kamba nzima ya nguo.

"Umeme umekatika?" kinyozi akauliza.

"Taa si inawaka," dada wa famasi akajibu.

"Basi huu si wimbo, jamani. Hili ni jokofu. Wamerekodi jokofu la mama yao wakatuletea."

Dada wa famasi akacheka mpaka akashika mbavu. Mpaka rangi hakucheka.

"Wewe unataka kelele tu," alisema. "Hao ni watu wazima sasa. Wamekuachia nafasi uvute pumzi. Mimi nikipaka ukuta, sipaki mpaka dirisha. Naacha dirisha."

"Ukiniachia ukuta mzima bila rangi ukasema ni dirisha, nakulipa?"

"Hujui kusikiliza kimya, ndugu yangu. Kimya ni kazi. Huko ndiko kuthubutu kwenyewe! Bendi gani nyingine inaweza kukuachia mahali patupu hivyo?"

"Hata mwanangu anaweza. Kila nikimuuliza habari za shule ananiachia mahali patupu."

Walicheka, lakini kicheko hicho kilikuwa na makali. Kinyozi alisimama. Alisema ameoa kwa nyimbo za Nyundo, amemzika baba yake akizisikiliza, na sasa wamemgeuzia mgongo kwenda kuwapigia matajiri wa ukumbini. Mpaka rangi akamwambia bendi si mkewe. Dada wa famasi alijaribu kuwatuliza, akasema yeye maneno anayapenda ila moyo wake bado haujafika, akaambiwa na wote wawili aache kukaa katikati, achague upande.

Kisha wakamgeukia mwenyeji wao.

"Mzee, sema wewe."

"Bado nasikiliza," fundi akasema.

Nilimwona uso. Hakuwa anasikiliza. Alikuwa anawaangalia mmoja mmoja jinsi ninavyomwangalia mwanangu anapojisogeza ukingoni mwa kitanda.

"Ukipiga tena jokofu hili, mimi nabaki kwangu nanyoa," kinyozi alisema akitoka.

"Na usipolipiga," mpaka rangi akasema nyuma yake, "mimi sina cha kufuata hapa."

Wiki ile fundi hakupuliza spika yoyote. Nilimsikia akiweka nyimbo za zamani, anazikata; anaweka mpya, anazikata. Mwanangu alikuwa anaamka kila mara.

Pasi yangu ilikuwa imeharibika waya, akaniambia nimpelekee. Nikasema mtoto ana homa kidogo, basi akaja kuichukua mwenyewe, akairudisha ilipopona. Nilikuwa nimemlaza mtoto mapajani, na simu yangu ndogo ilikuwa juu ya mto ikipiga redio. Redio zilikuwa hazina wimbo mwingine siku hizo. Fundi alikuwa anachomeka pasi ukutani anionyeshe kwamba inapata moto. Akaganda, mkono bado uko kwenye plagi.

"Hicho ni nini?"

"Si wimbo wenu ule. Ule wa jokofu."

"Hapana, mwanangu. Hao watoto."

Nikasikiliza. Kweli, pale katikati, mahali patupu, palikuwa na watoto. Wananong'ona zaidi kuliko kuimba, sauti nyembamba kama uzi, na nyuma yao kitu kama vijiko vinavyogongana na glasi. Mimi nilikuwa nausikia hivyo siku zote kwenye simu. Nilidhani na wao wanausikia, ila hawaupendi.

Fundi aliketi kwenye kiti changu cha plastiki bila kukaribishwa, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Nilikata waya," alisema.

Akanieleza. Miaka mingi nyuma, kila spika ilikuwa na spika ndogo juu yake, ya kutoa sauti nyembamba. Magita ya Nyundo yalipitia humo yakawa makali, na kinyozi akalalamika kwamba yanamkata masikio kama wembe butu. Fundi akakata waya za zile ndogo, akajaza sponji ya godoro ndani ya maboksi, sauti ikawa nzito, ya kupiga kifuani. Wote wakafurahi. Tangu hapo hakuna aliyekumbuka, hata yeye, kwa sababu Nyundo hawakuwahi kutoa sauti nyembamba ya kukosekana.

"Kwa hiyo wanagombania kitu ambacho hakipo," akasema, na alikuwa anacheka, macho yamemjaa maji. "Ni waya tu, mwanangu! Ni waya!" Pasi ilikuwa imeshaanza kunuka. Nikaizima mimi.

Kesho yake alifanya kazi kutwa. Nilimwona akitoa sponji kwa mafungu kama anayechinja godoro, akafunga waya, akafuta vumbi kwa kitambaa chenye maji. Akawapigia simu wote watatu. Kwa kila mmoja alisema maneno yaleyale: "Njoo. Kuna kitu nataka usikie. Usiniulize." Sauti yake ilikuwa ya kijana.

Jumamosi walikuja. Kinyozi alikaa karibu na mlango, kama mtu wa kuondoka. Fundi hakueleza kwanza, alitaka wasikie wenyewe. Nami nilisimama kizingitini na mtoto mgongoni kwa sababu alinikaribisha, nadhani alitaka shahidi.

Wimbo ukafika mahali pake. Watoto wakaingia. Kwenye spika zile walikuwa kama wamekaa nasi humo ndani, unasikia hata mmoja akimeza mate. Dada wa famasi aliweka mkono mdomoni.

Fundi akazima, akawaeleza habari ya waya, anaongea haraka, mikono inaruka. Alipomaliza akangoja wacheke.

Hakucheka mtu. Mpaka rangi alikuwa anakwangua doa la rangi kwenye goti lake.

"Kwa hiyo hapakuwa na kimya," akasema.

"Hapakuwa! Ni mimi!"

"Mimi nimewaambia watu wote kazini. Nimebishana na bosi wangu juu ya kimya kile." Alijaribu kutabasamu, tabasamu likagoma. "Nimekisikiliza nimefumba macho, mzee. Nikaona mambo humo."

"Ulikuwa unasikiliza sponji ya godoro," kinyozi akasema, na safari hii hata yeye hakufurahia utani wake. "Haya, yameisha. Sasa tuwekee zetu za zamani tusafishe masikio."

Fundi akauweka ule wanaoupenda kuliko zote. Vikombe vyangu siku hiyo visingetembea. Gita lilitoka jembamba, likalia kama bati linaloburutwa, na tukamsikia mwimbaji akitafuta sauti ya juu asiipate, akiitafuta tena asiipate. Kinyozi alisikiliza kichwa kimeinama. Haukufika nusu.

"Zima."

"Nitaurekebisha, ni suala la..."

"Zima, mzee wangu." Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. "Wimbo huu nimemzikia baba. Ungeniacha nao."

Aliondoka. Mpaka rangi akakumbuka kwamba ana ngazi ya watu ya kurudisha. Dada wa famasi alibaki kidogo, akasema ni nzuri sana kwa kweli, akaomba jina la wimbo ingawa alikuwa analijua, akaangalia saa.

Baadaye nilimwambia fundi akate tena waya, arudishe sponji, watarudi. Alikuwa ameshika koleo tayari. Akanitazama kama ninayemwambia amrudishe mtoto tumboni.

"Nitakata," alisema. "Na mimi nitajua wako humo ndani."

Hakukata.

Jumamosi iliyofuata alipanga mabenchi, na iliyofuata pia. Nilisikia miguu ya mabenchi sakafuni. Safari ya pili nilimbeba mwanangu nikaenda kugonga. Mlango ulifunguliwa haraka mno, na uso uliofungua ulikuwa na furaha ambayo haikuwa yangu. Aliikunja vizuri, hakutaka nione.

"Karibu, mwanangu. Karibuni."

Nikakaa benchi la mbele, kwa kuwa lilikuwa limefutwa. Akatuwekea albamu mpya. Alinieleza nani anapiga nini, na kwamba yule wa ngoma zamani alikuwa wa magita, nikaitika. Mtoto alikuwa ananyonya kidole akitazama sauti inakotoka. Watoto wa wimboni wakanong'ona, vijiko vikagonga glasi, na nje mtu alipita akaburuta ndala zake, fundi akageuza shingo, ndala zikapita.

Wimbo ukaisha.

"Unaonaje?" akaniuliza. Alikuwa amesogea mpaka ukingoni mwa kiti, viwiko magotini.

"Ni mzuri," nikasema.

"Enhe?"

Nilitafuta la kuongeza. Nilitamani niwe na neno baya hata moja, nimtupie, alirudishe.

"Ni mzuri tu, Fundi."

"Ndiyo," akasema. "Ni mzuri." Akainuka kuuzima, mwanangu akaanza kulia.