Gari Halishikwi na Jiwe

Nakumbuka mchana mmoja, mwanangu, babu yako Gabrieli amelala chali chini ya gari lake, miguu tu inaonekana, anaimba. Nimesikia wewe nawe unataka kuinua gari lako kwa sababu ya matope ya njia ya Bafwasende. Basi kaa hapa kwanza. Chai itapoa, iache ipoe.

Gabrieli alikuwa kaka yangu mkubwa, yaya wangu kama tunavyomwita mkubwa huku kwetu, mtoto wa wavuvi wa maporomoko kama sisi sote, ila yeye moyo wake ulikuwa kwenye mashine. Wabelgiji walikuwa bado wanatawala, na mtu wetu mwenye kamioneti yake mwenyewe, gari dogo la mizigo, alitazamwa njiani kama askofu. Alibeba mchele na abiria. Mvua zilipoanza, tumbo la gari likawa linakwama kwenye matope. Ndipo akakata vipande vya mti mgumu, ule ule tunaosimamisha katikati ya maporomoko kutundikia mitego ya samaki. Akavibana kati ya ekseli na resori, vile vyuma bapa vinavyobeba uzito wa gari. Gari likapanda juu! Mimi nilipiga vigelegele. Lilipendeza, sikufichi.

Baba hakupiga makofi. Alikuwa ametoka mtoni, kaptula bado inachuruzika maji. Akaweka mkono ubavuni mwa gari, akasukuma. Likayumba.

"Gabrieli, hii gari umeipa miguu ya nani?"

"Ah, papa! Miti yetu inasimama murefu mu maji makali kila siku, na haianguke. Gari itaanguka namna gani?"

"Muti inashikwa na jiwe, mutoto wangu. Tunaingiza muguu yake mu tundu ya jiwe, tunaifunga na kamba. Hii gari inashikwa na nini?"

Yaya akacheka. "Bon, papa, inashikwa na mimi."

Na kweli, msimu ule alipita pale malori ya wenzake yalipolala. Mvua zikaisha, vipande vikabaki. Ukimuuliza, anasema atavitoa kesho. Siku moja nilikaa kando yake, na kila kona gari zima liliinamia nje, nikajikuta nimeshika mlango kwa mikono miwili. Lakini si kuinama kulikonitisha. Kile chuma kinachotoka kwenye usukani kwenda magurudumuni zamani kililala sawa, sasa kilikuwa kimekaa mshazari. Basi gari likiinama, chuma kinayasukuma magurudumu, yanageuka yenyewe bila kuulizwa. Yaya alivutana na usukani kama mtu anayepeleka mbuzi sokoni. Alijua, mwanangu. Alijua, akaendelea kuimba.

Kisha bibi yako Marta akajifungua baba yako, katika hospitali ya misheni, mbali kupita pale ndege zinapotua leo, Bangboka. Yaya akaondoka asubuhi kwenda kuwachukua, na kwa kuwa njia ni ile ile ya biashara yake, akapakia magunia ya mchele hadi juu. Njia ilikuwa kavu. Kavu kabisa! Yale matope aliyoyaogopa hayakuwapo hata tone, kwa hiyo alikimbia.

Mtu wa baiskeli ndiye aliyeona. Kona ya kuteremkia kijito, gari likainama, magurudumu yakajigeuza, Yaya akayarudisha kwa nguvu, magunia yakahamia upande mmoja, basi. Marta alikuwa amekaa mlangoni mwa hospitali na mtoto kwenye kitenge kipya. Aliposikia gari, alisimama akitabasamu. Lilikuwa gari la watu wengine, limemletea habari.

Matangani watu walisema sikio la kufa halisikii dawa. Methali hiyo siipendi mpaka leo. Sikio lile lilikuwa la kaka yangu, na lilipenda kucheka.

Baada ya maziko baba alichukua panga, akaenda mpaka penye gari lililolala ubavu, akaingia chini yake, akaanza kuvitoa vile vipande kimoja kimoja. Wakamwambia, "Papa, gari imekufa, unatafuta nini?"

"Kuko mutu atainunua," akasema.

Basi sikia, mwanangu. Resori, usukani na upana kati ya magurudumu vilipatana tangu gari lilipozaliwa. Ukiinua kimoja, umevigombanisha vyote. Matope yakikuzuia, ngoja njia ikauke. Aliyechelewa hupewa chai, na hakuna anayemlilia. Mzigo upange chini, usiurundike juu. Kona ipunguzie mwendo kabla hujaiingia, maana ukishakuwa ndani umechelewa. Na mkono wako usiuamini kupita kiasi, hata uwe hodari namna gani. Wa Yaya ulikuwa hodari.

Nenda sasa. Jiwe halikushiki, Mungu akushike. Akufikishe kwa wanaokungoja mlangoni.