Mkono Ulionasa Veli

Mungu wa rehema ashukuriwe, aliyeniacha nizeeke na cherehani yangu hapa Somanda.

Nilimshonea Maduhu suti ya harusi ya kitambaa cha vimetameta. Mkono wa kulia wa koti niliukata kichwa chini, vimetameta vikaelekea juu. Nilipoupapasa, ulikwaruza kama magamba ya sato. Nikajiambia hakuna atakayejua, lakini kanisani sikutulia kwenye kiti cha wazee.

Maharusi waliposhikana mikono, veli ya bibi harusi ikanasa kwenye ule mkono. Kila Maduhu alipovuta, ilizidi kumtoka mwenzake kichwani.

“Fundi wa suti hii ni nani?” mchungaji akauliza.

“Yule babu pale,” Maduhu akajibu, “anayejifanya anasali.”

Nikaenda madhabahuni na mkasi niliokuja nao mfukoni, nikaikata veli pale iliponasa.

Wewe unayesoma, Bwana akujalie moyo wa kukiri mapema.