Mgeni wa Olinka

Binamu yangu Olinka alilelewa kambini kwao, kando ya mto Kuskokwim huku Alaska, na mpaka leo hajui kucheza na chakula. Samaki akiingia kwenye jarife amejitoa mwenyewe. Ukimkataa, ataenda kuwaambia wenzake, na mwakani hawaji. Sisi Wayupiki tunalijua hilo kabla hatujajua kufunga kamba za viatu.

Hiki ni kiangazi cha tatu serikali imekataza kuvua samoni wakubwa, eti wamepungua. Tumeachiwa jarife la macho madogo tu, la samaki wadogo. Banda la Olinka la kukaushia samaki kwa moshi limekaa tupu hadi buibui wamehamia. Mtu una mto mlangoni, unakula nyama ya kopo! Nakereka hata kusema.

Asubuhi ile tulikuwa tunavuta jarife, mimi kwenye injini, yeye mbele. Akatoka samoni mkubwa, urefu wa mkono wangu mzima, amenasa kwa meno, yu hai. Olinka alimkumbatia akacheka kama msichana.

"Karibu. Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Hata rungu la kumuulia hajalishika, boti ya doria ikatokea konani. Ndani yake alikuwa Evon, mtoto wa kaka yake Olinka, ambaye Olinka alimlea mwenyewe, sasa kavaa kofia ya serikali.

"Shangazi, mrudishe."

"Nimrudishe wapi? Kaja mwenyewe."

"Shangazi, nakuomba. Ukimbakiza, jarife nalichukua."

Olinka hana jarife jingine. Likichukuliwa, hatuli mwaka huu. Akimtupa mgeni, hatuli mwakani. Nilimwona akitazama huku na huku, hana pa kutokea. Mwishowe alimlaza samaki ukingoni mwa boti.

"Mtupe wewe basi. Ulipokuwa na miaka mitano ulimrusha samaki majini kwa mchezo, nikakuchapa mkono. Unakumbuka mkono upi?"

Evon akautia wa kulia mfukoni. Kwa wa kushoto akamvuta samaki mkia hadi akaporomoka majini.

Akazama. Akaibuka tumbo juu, akapita taratibu katikati ya boti zetu mbili.

"Usimguse, Shangazi," Evon alisema.

Olinka hakumgusa. Aliinama mpaka uso ukakaribia maji, akamnong'oneza samaki:

"Ukifika kwa wenzako, usimtaje Evon. Ni mtoto wetu."