Jina la Ishirini na Tatu

Saa mbili kasoro asubuhi, Perpetua anaita mahudhurio ya darasa la awali katika shule moja ya kata ya Hirbadaw, wilayani Hanang. Anakwenda vizuri mpaka namba ishirini na tatu. Hapo ananyamaza, anaweka alama kimyakimya, anarukia ishirini na nne.

Watoto arobaini na mmoja nao wananyamaza. Mwandishi wa makala haya amebanwa nyuma kwenye kiti cha mtoto.

Namba ishirini na tatu ni Monica Gidamis, msichana wa miaka mitano. Gidamis ni jina la baba yake, ambaye hana undugu na Perpetua. Ila ndilo lilikuwa jina la baba mkwe wa Perpetua, mfugaji aliyefariki miaka mitatu iliyopita. Tuta la kaburi lake, kwenye boma la zamani ambalo familia ilishalihama, linaonekana dirishani. Kwa desturi ya Wadatoga, mke hatamki jina la baba mkwe, hata akishazikwa.

"Hasa akishazikwa," anasahihisha Perpetua.

Kuita "Monica" peke yake haisaidii. Wako wawili, na yule mwingine, Monica Festo, ana mdomo mwepesi: huwahi kuitikia kabla ya mwenzake.

Perpetua, 26, anasomea cheti cha ualimu wa awali. Yuko hapa kwa wiki nane za mazoezi ya kufundisha, na kila siku anatembea saa moja na nusu kufika shuleni. Kesho, Ijumaa, mkufunzi wake, Mwalimu Evarist, anakuja kumpima. Asipoita majina yote, hafaulu.

"Aliniambia mwalimu wa awali anaanza na jina la mtoto."

Lakini si cheti kinachomnyima usingizi. Wiki ya tatu aligundua kwamba watoto wakikaa duara, wanaacha nafasi pande zote mbili za Monica. Alipouliza, mmoja alinyoosha kidole dirishani: "Huyo ni wa kule."

"Nikamwambia Monica ajichore. Akachora tuta. Mtu hakuweka," anasema Perpetua. "Niliogopa sana. Nilikuwa nimemzika mtoto wa watu kwa kunyamaza kwangu."

Akaenda kumwomba ruhusa mama mkwe. Bibi huyo hakugomba. Alimuuliza tu: "Ukimtaja, atajua umemwita. Akija, utamwambia umemwitia nini?"

Ijumaa, Mwalimu Evarist amekaa, kalamu mkononi. Perpetua anafika ishirini na tatu.

"Monica Gidamis."

Watoto wote wanageuza vichwa kwa pamoja. Hawamtazami Monica. Wanatazama mlango, ambao umefunguka nusu. Nje hakuna upepo, na hakuna mtu. Mkufunzi naye anatazama, kisha anainamia karatasi zake haraka.

Perpetua anausogelea mlango. Anasema kwa Kidatoga, taratibu, kama anayeongea na mtu mzima aliyesimama karibu: "Nisamehe, baba. Nilikuwa namwita mtoto."

Halafu kutoka kwenye mkeka, sauti ndogo iliyokauka: "Nipo, mwalimu."

Matokeo bado hayajatoka, na mama mkwe hajamsemesha tangu siku hiyo. Akifaulu, Perpetua ataomba apangiwe shule hii hii.

"Jumatatu nitaliita tena, na kila siku," anasema. "Baba atazoea kwamba simwiti yeye."