Mama Alipombadilisha Dada kwa Kipa

Jumapili iliyopita, saa nne asubuhi, dada yangu alinipigia simu kutoka Namur, mji mwingine wa huku Ubelgiji. Hakuanza na salamu. Huko aliko ni meneja wa timu ya wasichana ya mpira wa magongo, mwaka wake wa kwanza, na klabu jirani inamtaka nyota wake, msichana anayefunga karibu kila bao. Wanataka wabadilishane: wao watatoa wachezaji wawili. Wazazi wameanza kunong'ona kwamba dada hana uzoefu wa kuamua jambo kama hilo.

"Niambie ukweli," akasema. "Wakati ule, mama alijua anachofanya, ao alibahatisha tu?"

Nikamwambia nitampigia baadaye. Nikakaa, nikasimama, nikachemsha chai nikaisahau. Ninaishi Chaussée de Wavre, huku kwenye maduka ya vitenge na samaki wa kukaushwa. Ukiifuata barabara hiyohiyo bila kukata kona, inakufikisha hadi Auderghem, tulikokulia. Basi, rafiki yangu, nikavaa koti nikaanza kutembea, maana miguu ilikataa kutulia.

Nyumbani tulikuwa watatu: mama, dada na mimi. Tulitoka Bukavu nikiwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni. Mama alifanya kazi katika nyumba ya wazee, na tuliishi ghorofa ya tatu, chumba cha mbele kikitazama miti ya msitu. Mwalimu wa michezo ndiye aliyempa dada gongo la kwanza, la kuazima, akamwambia ajaribu. Watoto wengi wa klabu ile walitoka kwenye nyumba zenye bustani. Sisi tulikuja na mkoba wa plastiki na bitumbura za moto ndani yake, yale mandazi ya kwetu, na baada ya wiki tatu kila mtoto alijua mkoba ule.

Haukupita mwaka dada akawa nyota. Sijui nikueleze vipi. Mpira wa magongo ni mdogo na mgumu, ukigonga ubao wa goli unatoa mlio kama mlango unaopigwa kwa hasira, na Jumamosi zangu zote zilijaa mlio huo. Dada alikuwa na miaka kumi na mitano, mimi kumi na mitatu. Tulikuwa timu moja, yeye mbele kabisa, mimi kwenye benchi, nikimenya machungwa ya mapumziko na kuwagawia waliochoka.

Meneja wetu alikuwa mzee mmoja Mbelgiji aliyeifanya kazi hiyo ya kujitolea miaka ishirini. Mwaka ule alihamia pwani kwa sababu ya kifua. Wazazi waliitwa kwenye mkutano ili mmoja wao achukue nafasi yake, na wote wakawa wanatazama viatu vyao. Mama akanyoosha mkono. Alitaka kuuliza basi la mwisho la kurudi linapita saa ngapi. Kabla hajafungua kinywa, ukumbi mzima ukapiga makofi. Hivyo ndivyo mama yangu alivyokuwa meneja.

Alicheka njia nzima, kisha akaanza kazi kama alivyoanza kila kazi, kwa kuangalia. Jezi kumi na tano alizifua yeye, akazianika juu ya mabomba ya kupasha joto, na nyumba nzima ikanuka sabuni na majani mabichi. Alisimama kando ya uwanja akiwa amejifunga kitenge juu ya koti, na hakupiga kelele kama wazazi wengine. Aliangalia tu. Baada ya majuma kadhaa, akikoroga bugali jikoni, aliniambia kwa sauti ya chini:

"Bon, miye expérience ya hockey sina. Lakini macho niko nayo. Dada yako akishika mpira, bengine bote banasimama kama bantu banaangalia télé."

Ilikuwa kweli, nami nilikuwa mmoja wao. Tena hatukuwa na kipa. Msichana aliyekaa golini alifumba macho kila mpira ulipomjia. Tulifunga matano tukafungwa sita. Dada alirudi nyumbani magoti yamevimba, akalala na viatu.

Klabu moja ng'ambo ya msitu ilikuwa na makipa wawili wazuri na beki wa ziada, lakini haikuwa na mfungaji. Wakaomba wabadilishane nasi: kipa na beki kwa dada. Wazazi wa timu yetu waliposikia, wakaja juu. Baba mmoja alimwambia mama, kwa adabu zote, kwamba uamuzi wa namna hii unahitaji mtu mwenye uzoefu wa uongozi, na yeye kazi yake ni kuosha wazee. Mama alirudi nyumbani. Alimpigia simu yule mzee wa pwani. Nilikuwa karibu, nikasikia sauti yake ikikwaruza: "Madame, miaka ishirini nimejifunza kitu kimoja. Anayefunga hatolewi."

Mama akamshukuru. Ijumaa akasaini karatasi za kumbadilisha dada.

Jumamosi asubuhi, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, dada alikuwa anafunga kamba za viatu. Msichana wa pembeni, ambaye baba yake alikuwa kwenye kamati, akamuuliza bila ubaya wowote: "Kule utavaa jezi ya rangi gani?"

Dada akasema, "Kule wapi?"

 Nakumbuka bomba la maji lilikuwa linadondoka. Nakumbuka dada akinitazama mimi, akitafuta usoni kwangu kama nilijua. Nilijua. Nilikuwa nimesikia simu ile, nami sikumwambia. Akafungua kamba alizokuwa amefunga, akavaa koti, akatoka kupitia mlango wa nyuma. Siku hiyo tulifungwa manane.

Tulipofika nyumbani alikuwa amekaa mezani, mikono imetulia mbele yake.

"Mama, uliniuzisha?"

"Sikukuuzisha. Nakutuma fasi kwenye kuko bengine banajua kukimbia nawe."

"Kwa kipa! Donc miye na kipa tuko sawa?"

"Haiko kipa tu," mama akasema, naye akajua papo hapo kwamba amekosea. "Kuko na ule wa nyuma."

Sombe, kisamvu cha kwetu, ilikaa mezani mpaka ikaganda mafuta. Tangu hapo, kwa karibu miaka miwili, dada hakumwita mama "mama" mbele za watu. Alimwita "Madame la manager," kwa upole kabisa, na kila mara niliona bega la mama likishuka kidogo.

Sasa ungeniuliza matokeo. Mechi tatu za kwanza tulipoteza, na yule baba mwenye adabu alikuja kutazama akiwa amekunja mikono. Kisha kipa mpya akaanza kutupigia kelele kutoka golini, msichana mwembamba mwenye sauti ya mwuza samaki, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumtazama tena, tukaanza kukimbia. Mimi nikafunga bao langu la kwanza, baya, mpira ulinigonga gongo wala sikulenga. Nililia kama mtu aliyefiwa. Na dada, kule ng'ambo ya msitu, alikuta wasichana wanaocheza kama yeye. Alijifunza kutoa pasi. Magoti yake yakapona. Tulipokutana nao mwezi wa nne tulitoka sare, na baada ya mechi alipeana mkono na kila mmoja wetu, na mama akawa wa mwisho.

Mwaka uliofuata yule mzee alikuja kututembelea. Alisimama karibu na mama akatazama kipindi kizima cha kwanza, ndipo akasema: "Kuhusu timu, wewe ulikuwa sahihi na mimi nilikosea. Lakini ungeniuliza jinsi ya kufanya, ningekwambia umwambie mtoto kwanza. Hilo nalijua kwa sababu nimewaumiza watatu." Mama aliitikia kwa kichwa. 

Nilimuuliza miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima. Alikuwa anapiga pasi. Kule kazini kwake hapakuwa na mzee aliyehamishwa chumba kabla mama hajakaa kitandani mwake na kumweleza taratibu, wengine siku tatu mfululizo. Alikuwa mkali sana juu ya jambo hilo. Nikamwuliza, kwa nini basi hakumwambia mtoto wake?

"Bazee siwaogopi," akasema. "Ule mutoto nilimuogopa."

Jumapili hiyo nilifika Auderghem jasho limenikauka mgongoni. Uwanja wetu haupo. Nyasi zimeondolewa, wameweka zulia la kijani lisilonuka kitu, na kibanda cha mbao tulichonywea chokoleti ya moto kimekuwa jengo la vioo. Mama tulimzika mwaka juzi. Nilisimama kwenye uzio nikampigia dada, nikamwambia yote: kwamba juu ya timu mama aliona vizuri kuliko waliokuwa na miaka ishirini, na juu yake yeye alikosea kosa la mtu mgeni wa kazi. Nikamwambia pia kwamba mimi nilijua, nikanyamaza. Hilo nilikuwa sijawahi kumwambia.

 Dada akasema, "Nilikuona usoni siku ile." Na baadaye, "Bon. Acha niende kwao, nimuone ule mutoto. Leo."

Sijui kama atamtoa au atambakiza. Nilibaki pale nikitazama watoto nisiowajua wakikimbia, nami nikijaribu kuikumbuka Jumamosi iliyotangulia ile ya chumba cha nguo, mara ya mwisho sisi watatu kurudi nyumbani pamoja kutoka uwanjani. Lazima ilikuwepo. Lazima tulipanda basi, mama akasinzia, dada akasema kitu cha kuchekesha. Nimeitafuta sana. Sikumbuki hata kama mvua ilinyesha.