Joto la Nyuma ya Chumba cha Chanjo

Saa moja asubuhi, ukungu bado umefunika bonde la upande wa Ntobeye. Swabaha Khalidi anawasha kompyuta kabla hajavua koti. Mstari wa kijani unaonyesha halijoto ya usiku kucha katika chumba cha chanjo cha kambi ya wakimbizi. Umetulia. Anaagiza chai.

Swabaha, mwenye umri wa miaka 52, ni fundi wa mitambo ya ubaridi. Babu yake alitoka pwani kuja kuuza nguo Ngara, na nduguze bado wana duka mjini. Yeye alichagua bisibisi.

"Watu hudhani mashine inatengeneza baridi," anasema. "Inachota joto ndani na kulimwaga nje. Ukilizuia huko nje, linarudi."

Mwaka jana, 2003, lilirudi.

Surua ilikuwa imeingia kambini, na chanjo ndiyo kwanza imefika. Vihisio vya kielektroniki, vilivyokuwa vipya ukutani, vilionyesha joto likipanda kila usiku na kushuka kunapokucha. Mchana Swabaha alikagua gesi, feni na nyaya, asione kasoro. Akaamua kwenda mapema, jua halijachomoza.

Nyuma ya jengo alikuta turubai limening'inizwa kutoka kwenye paa hadi chini, limefunika feni ya kutolea joto. Ndani yake aliketi Ildefonsa, mkimbizi kutoka Burundi, amekumbatia kichanga kilichozaliwa kabla ya miezi kutimia. Wodi ya wazazi haikuwa na kitu cha kuipasha moto, kwa hiyo kina mama walipokezana mahali hapo na kuliondoa turubai asubuhi.

Ildefonsa ndiye aliyeanza kusema.

"Mama, usinifukuze kabla jua halijatoka."

Hakumfukuza. Alilikunja turubai feni ipate hewa, akamfunika mtoto kwa koti lake, akawapeleka jikoni penye moto. Lakini sehemu ya chanjo ilikuwa imeharibika, ikatupwa. Watoto waliosubiri nyingine ije, baadhi yao waliugua. Swabaha halifichi hilo.

Alimtafuta Niyonzima, mkimbizi mwenzake Ildefonsa na fundi bati aliyekuwa akitengeneza majiko kambini. Wakaunda bomba pana la kupeleka hewa ya moto wodini. Jaribio la kwanza lilishindwa: bomba lilibana hewa, chumba cha chanjo kikapata joto mchana kweupe, na mganga mkuu wa zahanati ya kambi akaagiza libomolewe.

Swabaha aliomba nafasi ya pili. Aliongeza feni ndani ya bomba na kufunga kidhibiti kinachosoma vihisio. Joto la chumba likianza kupanda, kilango kinafunguka na hewa yote inatoka nje. Likitulia, inarudi kuelekea kwa kina mama. Mganga alikaa naye mbele ya skrini hadi jioni, kisha akasema bomba libaki.

Mtoto wa Ildefonsa sasa anatembea. Mama yake anasema siku alipokwenda kushukuru, Swabaha alimjibu kwamba shukrani ni kutofunika feni tena.

Wakimbizi wameanza kurejea kwao, na Niyonzima amejiandikisha. Kila alasiri Swabaha anamfundisha kusoma mstari ule na kurekebisha kidhibiti. Kirundi cha Swabaha ni kidogo, Kiswahili cha Niyonzima ni cha sokoni, lakini wanaelewana.

"Kambi ikifungwa, bomba watalibomoa," Swabaha anasema. "Nataka yeye afike kwao akiweza kujenga lingine bila mimi."

Niyonzima anasema kijiji chao kiko mlimani. Kuna baridi kuliko hapa.